Punje ya Wali Katika Ndevu za Mwashuri

Ijumaa, 7 Februari

Mungu si Athumani! Leo nimeitwa kwenye utukufu.

Nilikuwa kwa kinyozi, nasubiri kupunguzwa masharubu. Akaingia kijana mmoja wa mjini Duhok, jina lake Sargon, mkalimani wa Wamarekani waliopanga shule ya zamani kule mlimani. Wanapiga filamu ya siku za mwisho. Wanatafuta mtu wa kuigiza Mwashuri, mfalme atakayetawala dunia nzima kabla ya kiama. Mwashuri! Hapa kijijini kwetu Bet Nura nani si Mwashuri? Sisi ndio Ninawi iliyobaki. Ila sharti, kasema Sargon, awe na sura ya kifalme na ndevu za kushuka.

Najua wote pale dukani walimfikiria Odisho. Odisho ni jirani yangu na binamu wa mke wangu, na ana ndevu zilezile za wafalme wetu waliochongwa kwenye mawe. Zimejikunja zenyewe. Hana kingine. Mimi nimefundisha historia ya Ashuru mpaka nikastaafu, nawajua wafalme wetu kwa majina na kwa vita vyao, na kidevu changu kitupu kama yai. Ndiyo haki hiyo?

Nikasema Odisho amenyoa. Nimeyasema hayo dukani kwa kinyozi, mbele ya kinyozi. Nikamkonyeza. Akameza mate, akaendelea kunoa wembe.

Sargon akanitazama juu mpaka chini. Akasema ndevu zinabandikwa.

Nimemweleza mke wangu, Asmar. Hakushangilia. Kaniuliza kama nakumbuka Jumatatu ni siku gani. Nakumbuka! Jumatatu tunaanza Funga ya Ninawi, siku tatu, kama mababu zetu walipohubiriwa na Yona. Wengi hufunga mpaka adhuhuri. Mwaka huu mimi na Asmar tunafunga kavu, bila tonge wala tone, kwa ajili ya binti yetu Nahrin aliyeolewa Sydney. Ameshaharibikiwa na mimba mara mbili. Hii ya sasa madaktari wamemlaza hospitali, hata kukaa wamemkataza. Niliweka nadhiri mbele ya Kasisi Shlimun, mkono juu ya msalaba. Asmar kasema ufalme si neno, ila mfalme afunge. Nikamjibu kwamba mfalme wa Ninawi alivua joho akakaa kwenye majivu. Nilijibu vizuri sana. Laiti Sargon angekuwepo.

Jumamosi, 8 Februari

Hatari. Odisho na ndevu zake bado wanazurura barabarani. Sargon akimwona, nimekwisha.

Asubuhi nikamvamia akinywa chai. Nikamwambia nimesikia kuna mtu Duhok anauza kondoo jike kwa bei ya kutupa. Hakuna mtu kama huyo. Nimemtunga mwenyewe, nikampa na mguu mbovu ili aaminike. Odisho akanishukuru, akanibusu mashavu yote mawili, akasema ndugu wa kweli ni jirani. Akapanda gari. Nimeona aibu kidogo. Ilipita nilipofika kona.

Kisha kwa Kasisi Shlimun. Nikamtangazia kwamba mimi ndiye Ashuru ya siku za mwisho. Akauliza: Ashuru ipi? Akasema katika Maandiko tuna sura mbili. Isaya anatuita fimbo ya hasira ya Mungu, halafu Isaya huyohuyo anasema iko siku Bwana atatubariki pamoja na Misri na Israeli, atuite kazi ya mikono yake. Nahumu kashatuzika. Yona alinuna kwa sababu tulisamehewa. "Sasa wewe, mwalimu, umewauliza wewe ni fimbo au ni kazi ya mikono?"

Nikamwambia hakuna haja. Watu hawavuki bahari nzima kuja kumtukana mtu nyumbani kwake. Kasisi akakohoa. Hukohoa hivyo akiwa na neno na hataki kulitoa. Wivu tu. Hata mapadri wana wivu.

Jumapili, 9 Februari

Odisho amerudi na kondoo. Jike, mnene, mkia kama mto wa kulalia. Bei ya kutupa. Na muuzaji, anasema, kweli anachechemea! Ameniletea donge la jibini kwa shukrani. Nimelila lote kwa uchungu.

Mchana nimepanda mlimani, mama mmoja wa Kimarekani akanibandika ndevu kwa gundi. Zinashuka mpaka kifuani. Amekataza zisitoke mpaka Jumanne jioni. Nilipojiona kwenye kioo nilitaka kujipigia magoti. Asmar aliponiona alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka tangu Nahrin alazwe. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia ufalme.

Jioni tulikula kama watu wanaohama. Kisha Asmar akamhamisha punda mbali na majani yake, maana amri ya mfalme wa Ninawi ilisema wanyama nao wasionje kitu. Kwetu bado tunafanya hivyo. Punda hula adhuhuri ikishapita. Alinitazama kana kwamba amri nimetoa mimi.

Jumatatu, 10 Februari

Siku ya kwanza. Kanisani alfajiri, shali imefunika ndevu. Nilimwambia kila mtu jino linaniuma. Odisho alinipa karafuu. Sikuweza kuitafuna kwa sababu ya funga, na sikuweza kuikataa kwa sababu ya jino. Nimeishika mkononi ibada nzima.

Mchana kupiga filamu. Kazi nyepesi. Nimesimama mlimani na joho, upepo unapiga, vijana wa kukodi wananisujudia. Bwana Dwight, mwenye filamu, akapiga makofi. Nikajiona kazi ya mikono kabisa.

Njaa ilianza kama mgeni, sasa ina vitanda vyake. Asmar hajagusa hata tone. Nahrin amepiga simu. Uchungu umeanza, na bado mapema sana. Alisema, "Baba, niombeeni." Nikamwambia tumefunga kavu, mimi na mama yako, alale salama. Akalia, akasema basi haogopi tena.

Jumanne, 11 Februari

Nisingeandika. Naandika.

Leo ilikuwa karamu ya mfalme. Sargon alikuwa ameniambia nyama itakuwa ya plastiki. Haikuwa ya plastiki. Ilikuwa mwanakondoo mzima juu ya wali, lozi na zabibu juu yake, moshi unapanda moja kwa moja puani. Nikamwambia Sargon nimefunga, nina nadhiri. Sargon akamwambia Bwana Dwight. Bwana Dwight akaweka mkono kifuani, akasema anaheshimu sana. Halafu akatoa simu, akaonyesha picha, akauliza kama yule bwana wa ndevu anayeswaga kondoo bado anapatikana.

Odisho! Na mkia wa kondoo wangu wa kutunga umeonekana pichani!

Basi nimekula.

Nilisema tonge moja, kwa ajili ya kamera. Wakarudia. Mvua ya mawe ikapiga dirisha nyuma yangu, wakaipenda, wakarudia. Nzi akatua kwenye taji. Wakarudia. Mwisho bega zima la mwanakondoo lilikuwa limeingia, na hapo hakuna wa kumlaumu, maana mfupa hakuna aliyeniambia niufyonze. Niliufyonza kwa hiari yangu, kamera zimeshazimwa.

Halafu wakaletwa wale vijana, kila mmoja na namba kwenye paji la uso. Nikamuuliza Sargon ni namba gani. Akasema mia sita sitini na sita. Nikauliza za nini. Akashangaa. "Mwalimu, si ndiyo chapa yako? Wewe ndiye Mpinga Kristo. Kwenye hadithi zao yule Mnyama ni Mwashuri. Wanatoa kwa Mika, wanachanganya na Isaya, wanamalizia na Ufunuo. Mimi nilidhani unajua. Umesomesha watu!"

Nilikaa chini na joho langu. Nikasema laiti wangemchukua Odisho. Sargon akasema walianza na Odisho, saa moja kabla yangu. Akakataa. Alisema hatavaa jina la Mpinga Kristo hata wampe Babeli. Ijumaa pale kwa kinyozi Sargon alikuwa anatoka nyumbani kwa Odisho. Aliziona ndevu kwa macho yake, na aliniacha niongope mpaka nikamaliza.

Kwa hiyo nimemdanganya mtu, nimevunja nadhiri, nimemnyima binti yangu funga yake, yote kwa kugombania kitu ambacho mwenzangu alishakitupa jalalani. Aibu imenikaa kooni, juu ya nyama.

Yule mama alikuwa ameshaondoka na dawa ya kutolea gundi. Ikabidi Asmar anitoe ndevu kwa mafuta ya zeituni. Kanikalisha karibu na jiko, anavuta kidogo kidogo, taratibu, midomo yake imepasuka kwa kiu. Ndevu zilikuwa zinanuka mwanakondoo. Nilijua. Nikasema ni harufu ya gundi, gundi ya Kimarekani. Katikati ya kazi vidole vyake vikasimama. Nilichungulia. Alikuwa ameshika punje ya wali. Aliitazama, akaiweka ukingoni mwa jiko, akaendelea kuvuta.

Labda hakuiona vizuri. Macho yake si kama zamani.

Jumatano, 12 Februari

Siku ya tatu. Nimefunga kweli leo. Karibu. Saa nne nilikunywa maji nyuma ya zizi. Punda alikuwepo, hajala. Mnyama anashika amri ya Ninawi, mwalimu wa historia hashiki. Nikamgeuzia mgongo nikamaliza kikombe.

Mchana simu kutoka Sydney. Nahrin amejifungua mvulana! Anapumua, lakini kwa mashine, yumo kwenye kisanduku cha kioo, mdogo kama njiwa. Madaktari wamesema siku chache zijazo ndizo zitaamua. Asmar akapiga magoti palepale jikoni. Nikapiga pembeni yake. Nilitaka kuomba nikakosa mahali pa kuanzia. Nimwambie Mungu nini? Kwamba niliahidi siku tatu nikaleta mfupa?

Jioni Asmar amesaga nafaka saba zilizokaangwa, ule unga tunaouita pukhini. Ameutandaza kwenye sinia na kuuacha chumbani. Desturi yetu ni kwamba farasi wa mtakatifu hupita, na akiacha alama ya kwato kwenye unga, nyumba imekubaliwa.

Nimepata wazo. Si la kuongopa. La kumtia moyo mke wangu.

Alhamisi, 13 Februari

Alfajiri nimechukua kiatu kimoja cha chuma cha zamani cha punda, nikakibonyeza kwenye unga. Kazi safi. Kisha nikajilaza. Nikamsikia Asmar akiingia. Nikatoka nikijifanya nimeshtuka. Ee mama yangu, alama!

Asmar aliinama akaitazama. Akasema, "Mwaka huu mtakatifu kaja na punda, Baba Nahrin. Farasi labda yuko kwenye filamu." Akaenda kuwasha moto.

Kanisani ibada ya shukrani. Kasisi Shlimun akawaambia watu wote kwamba mimi na Asmar tumefunga kavu siku tatu kwa ajili ya mjukuu, waendelee kumwombea. Bibi wawili wakanibusu mkono. Odisho akanikumbatia akazilowesha ndevu zake kwa machozi. Akasema amekuwa akinidhania mtu mwepesi, nimsamehe. Nikamsamehe! Hapo nilitaka kujizika. Mdomo wangu ukasema, "Ni wajibu wa mzazi." Sijui mdomo huu niliupata wapi.

Halafu Nahrin akapiga, sauti kama uzi. Mtoto wamempa jina langu. Zaya. Kwa sababu, kasema, babu yake alikaa na njaa ili yeye avute pumzi.

Tumekula dolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, nyumbani, wageni wamejaa. Asmar anapakua tu, anaenda na kurudi. Nilimuuliza mbona hali. Kasema ameonja jikoni. Wapishi ndivyo walivyo.

Nimekula kwa aibu. Lakini nimekula.

Jumapili, 16 Februari

Leo asubuhi wamemtoa Zaya mdogo kwenye kioo. Anapumua mwenyewe! Analia kama debe! Kasisi ametangaza, kanisa zima vigelegele. Nilifikiri nimeponea. Nikasema moyoni, Mungu amesamehe, yaishe.

Tulipotoka uani nikaona watu wamemzunguka Odisho. Ndugu yake wa Detroit amemtumia kipande cha filamu. Odisho, naapa, alijaribu kuirudisha simu mfukoni aliponiona. Wakamnyang'anya. Nikajiona. Taji kichwani, ndevu kifuani, mwanakondoo mkononi, natafuna, na jino langu la dhahabu linang'aa dunia nzima ilione. Chini kumeandikwa: MWASHURI ANAKUJA.

Mtu akacheka. "Ala! Mwalimu kawa Mpinga Kristo!" Mwingine akasema ni uigizaji tu, mwacheni mzee wa watu. Hapo mke wa Odisho akasogeza uso kwenye kioo, akasema dirishani nyuma yangu kunapiga mvua ya mawe. Na mvua ya mawe hapa kwetu imepiga siku moja tu. Siku ya pili ya funga.

Kicheko kikakatika. Wale bibi wawili wakanitazama mkono walioubusu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na Ninawi yote juu yangu. Nikafungua mdomo kusema ilikuwa plastiki.

Asmar akanitangulia. Hakupandisha sauti. "Mume wangu alikuwa na funga ya siku tatu. Imekwisha jana jua lilipozama. Kuna mwenye swali?"

Walimtazama, nami nikamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mashavu yameingia ndani. Bangili za harusi, ambazo siku zote hazitoki mpaka kwa sabuni, zilikuwa zinamning'inia. Kasisi Shlimun akavua kofia. Alijua. Ndiye aliyemlazimisha angalau anywe maji kila jioni.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alimaliza siku zake tatu, akaanza zangu. Mimi nilidhani anaonja jikoni.

Njiani kurudi nilimwambia anisamehe. Akasema nisitembee haraka, magoti yake hayana nguvu. Nikampa mkono. Sijawahi kuona aibu kama hii, na nimeshawauzia watalii mawe ya zizi letu kwamba ni ya ukuta wa Ninawi.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekuwa mtu mpya. Nimeapa kufunga siku tatu kavu, kimyakimya, nimrudishie Asmar zake. Nimeanza alfajiri. Nimempelekea Odisho donge la jibini na nikakiri kwake kuhusu kondoo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema niendelee kumdanganya hivyohivyo, bado anatafuta dume. Akanikatia kipande cha jibini. Kukataa ingekuwa ukosefu wa adabu. Nitaanza kesho.

Mchana Sargon amepiga simu. Kipande kile kimependwa huko kwao kupita kiasi. Bwana Dwight anataka sehemu ya pili. Mnyama anatupwa kwenye ziwa la moto, lakini kabla ya hapo anafanya karamu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nimekataa katakata. Nikamuuliza tu kubwa kiasi gani.

Kisha nimefikiri kama mwanahistoria. Nisipokwenda, watamchukua mtu wa Erbil asiyejua lolote, na Ashuru itaaibika milele. Nikienda, nitamshawishi Bwana Dwight kwamba mwishoni Mnyama avae gunia, akae kwenye majivu, atubu, kama mfalme wetu wa kale. Fimbo igeuke kazi ya mikono! Dunia nzima ituone tulivyo. Hii si tamaa, ni utumishi. Tatizo ni moja tu, wanaanza kupiga katikati ya Kwaresima. Nikamwambia Sargon safari hii nyama iwe ya plastiki. Akasema atajaribu. Nimekubali.

Nimemweleza Asmar jikoni, kwa mpangilio mzuri, nikianza na Isaya. Alikuwa anachekecha unga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza wanaanza tarehe ngapi. Nikamuuliza anataka kujua ya nini.

"Nijue funga yako naianza lini, Baba Nahrin."

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwambia: tarehe kumi Machi, Jumatatu.